Nilifufua Celica ya marehemu baba mkwe, sasa naifuata kwa bodaboda

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii sijasimuliwa, imenikuta mimi. Asiyeamini aje Bombambili, hapa Songea, Jumapili asubuhi asimame kando ya barabara. Atatuona tukipita.

Mimi nina kaduka ka pembejeo Majengo. Mbolea, mbegu, dawa za wadudu. Sio mtu wa pesa, ila nina ugonjwa wa magari ya zamani. Wenzangu wana pombe, mimi nina hayo.

Sasa nyuma ya nyumba ya mama mkwe kulikuwa na Toyota Celica, gari la spoti la milango miwili, la marehemu baba mkwe. Ililala pale tangu mzee aanze kuumwa. Kuku walikuwa wanatagia ndani, na nasema kweli, kuku ndio waliokuwa wanaithamini kuliko watu wote pale. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishaanza kuongea na wanunuzi wa chuma chakavu.

Nikamtuma mke wangu akaniombee kwa mama yake.

Vijana wa mjini mtauliza kwa nini sikwenda mwenyewe. Wakuu, kwetu Wangoni mama mkwe haongeleshwi hivi hivi. Hampeani mkono, hamkai pamoja, salamu unaitoa kwa mbali umeinama. Akiwa na neno na wewe anampa binti yake akufikishie, hata kama umesimama hapo hapo unasikia kila kitu.

Jibu likaja kwamba nichukue, lakini kwa sharti. Siku ya misa ya kumwombea mzee, gari hilo ndilo limpeleke mama kaburini kijijini, njia ya Mbinga. Siku ikifika halitembei, shemeji aite watu wake wa chuma chakavu.

Nikakubali hata kabla mke wangu hajamaliza sentensi.

Basi bwana, kazi ikaanza. Bajeti yangu ilifuata mvua. Wakulima wakinunua mbolea, gari linapata kabureta. Wakulima wakikopa, gari linapata maneno matamu tu.

Bampa ya nyuma alinitengenezea fundi wa mageti, na inafanana na geti. Rangi nyekundu ilikuwa mabaki ya mageti hayo hayo. Taa moja ya nyuma ni ya Celica, nyingine ni ya trekta, usiku inaonekana mpaka Ruhuwiko. Msicheke, injini iliwaka.

Kosa ni kwamba ilipowaka sikutosheka. Nikaingia YouTube.

Huko kuna wazungu wanakwambia gari la spoti lazima liwe jepesi na liwe chini. Nikakata springi kwa grinda. Nikaweka ekzosi ya kunguruma. Siti mbili za mbele nikanunua za kukumbatia mgongo, kutoka kwenye gari lililopata ajali. Halafu nikang'oa siti ya nyuma yote, kupunguza uzito.

Mahali pake nikafunga boksi la spika, zito kuliko siti niliyotoa. Hesabu hiyo nawaachieni wenyewe.

Mke wangu aliona siti inatoka akaniambia taratibu, "Hiyo usiitoe."

Nikajisemea, huyu anajua nini kuhusu magari ya spoti? Siti nikampa kinyozi jirani yangu pale Majengo. Akaikata, akaichomelea miguu ya chuma, wateja wakawa wanasubiria foleni juu yake.

Siku ya misa ikafika. Gari linang'aa. Nimevaa miwani ya jua na kofia. Bodaboda wa kijiweni, waliokuwa wanaliita banda la kuku, wote wamekuja kushuhudia. Shemeji naye amekuja, nadhani kwa matumaini yake mengine.

Nikaliwasha. Likanguruma mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Aisee, nilijisikia mtu.

Mama akatoka na kitenge kipya na rozari mkononi. Nikashuka, nikasogea pembeni, nikainama, nikasema shikamoo. Akaitikia huku anaangalia upande mwingine, kama inavyotakiwa. Akachungulia ndani ya gari. Akachungulia tena. Kisha akamgeukia binti yake.

"Muulize mwenzio, mimi nakaa wapi?"

Wakuu, hapo ndipo akili iliponirudia. Pembeni yangu mbele hawezi kukaa, hata kama ningekuwa nampeleka peponi. Nyuma kuna spika.

Nikakimbilia kwa kinyozi kwa bodaboda. Nikakuta watu wamekaa juu ya siti wanasubiri kunyolewa, na ile miguu haitoki bila grinda. Nikarudi mikono mitupu. Nikapendekeza kigoda kiwekwe juu ya spika. Shemeji akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya mtu.

Mke wangu ana leseni, anaendesha gari la kazini kwao kila siku. Akaninyooshea kiganja.

"Funguo."

Nikampa.

Mama mkwe akaingia siti ya mbele, ile ya kukumbatia mgongo, ikamkumbatia. Wakaondoka. Mimi nikapanda bodaboda na kuku wa sadaka mkononi, nikafuata moshi wa ekzosi niliyoinunua mwenyewe. Miwani angalau ilisaidia vumbi.

Kwenye kila tuta gari lilipita upande upande, chini linakwaruza. Dereva wa boda akaniuliza ni fundi gani mpuuzi aliyelishusha hivyo. Nikamwambia simjui.

Kijijini watu wakapiga vigelegele. Binti amefufua gari la baba yake! Mke wangu akapokelewa kama bibi harusi. Mimi nikaulizwa kama kuku ni wa kuuza.

Baada ya sala kaburini, mama alibaki ameegemea lile gari, mkono juu ya paa. Mimi nilikuwa hatua chache, nimempa mgongo kwa heshima. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia:

"Enzi za baba yako, mbele walikaa shemeji zangu. Mimi nilikaa nyuma na ninyi na madebe ya mahindi. Kijiji hiki leo ndiyo nimekiona kwa kioo cha mbele."

Akalipigapiga paa kwa kiganja.

"Mwambie mwenzio, siti ya nyuma asiirudishe."

Wakuu, nilikuwa nimekasirika njia nzima, lakini pale nikajikuta nainua miwani nifute macho. Nikajifanya kuku ananisumbua.

Sijairudisha mpaka leo. Kila Jumapili Celica inaenda kanisani, mama mbele, mke wangu kwenye usukani, spika inapiga kwaya. Mimi nipo nyuma na boda. Shemeji ameacha habari za chuma chakavu, siku hizi anaomba lifti, na anaambiwa hakuna siti.

Nilichojifunza: ukitengeneza gari kwa bajeti ndogo, kabla hujang'oa kitu uliza nani alikuwa anakaa hapo. Na mke akisema "hiyo usiitoe", usiende YouTube kutafuta jibu la pili.

Haya, semeni yenu. Wa kucheka acheke kwanza amalize. Halafu mwenye mbinu ya kupata funguo zangu, hata kwa Jumamosi moja tu, nasubiri hapa.