Barua Yangu kwa Redio na Ukurasa wa Tano

Nina daftari la jalada la kijani. Juu yake niliandika "Redio", na ndani kila ukurasa nimeugawa kwa mstari katikati. Kushoto ni makosa, kulia ni mema. Niliogopa kwamba nikiandika makosa peke yake nitakuwa kama wale majirani wa ploti ya kupanga wanaojua tu nani hakufagia mbele ya mlango wake. Kwa hivyo hata Jumapili mbaya nilijilazimisha kutafuta la upande wa kulia. Kuna siku niliandika, "Leo hawakuchelewa kuanza." Ndilo pekee nililopata.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la nane nikaingia kazi ya maua hapa Naivasha, na mpaka leo niko kwenye banda la kupanga waridi kwa urefu wa shina. Muziki nimefunzwa na mtu mmoja tu, mwalimu wa kwaya yetu ya kanisa hapa mtaani Karagita, na kila ninapoandika kwamba redio imekosea kuna sauti ndani yangu huniuliza, wewe ni nani? Lakini masikio ninayo, na mwalimu aliyanoa vizuri. Siwezi kulikana hilo ili nionekane mnyenyekevu.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha Jumapili saa tisa mchana, saa nzima, kwenye stesheni moja ya Nakuru. Walicheza muziki wa kale wa Ulaya, wa ala na wa kwaya, ule ambao kwaya zetu za kanisa zimejifunza kwa solfa, yaani do-re-mi, tangu enzi za wazazi wetu. Mtangazaji alikuwa mzee wa maneno machache. Alitaja wimbo, akataja wanaoimba, akanyamaza. Wimbo ukiisha alikaa kimya kidogo, kama mtu aliyevua kofia, ndipo akasema la kusema. Mwalimu alitufunza kukihesabu kile kimya: nne, polepole. Alisema ni sehemu ya wimbo, na anayekikata ameukata wimbo.

Mzee alistaafu. Akaja msichana, na saa nzima ikawa dakika arobaini. Mambo yakaanza kuharibika. Besi wangali wanashikilia noti yao ya mwisho, yeye ameshaingia na salamu za watu wa Mau Narok na Njoro. Wimbo uko katikati, unakatwa kwa habari. Kuna siku sauti laini kabisa ya wanawake, ya kumfanya mtu ashike kifua, ilifuatwa papo hapo na tangazo la dawa ya kupe. Sina ubaya na dawa ya kupe. Kwetu tulikuwa na ng'ombe.

Pengine ningezima redio na kuendelea na maisha, kama si macho ya mwalimu. Mwaka huu yalikwisha. Ni presha ya macho, imekuwa ikimla taratibu, na sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Mwanzoni mwa Kwaresima alitangazia kwaya kwamba Pasaka atakaa kwenye benchi na waumini, na mbele nitasimama mimi. Tutaimba wimbo wetu wa kila Pasaka, ule mkubwa wa sauti nne wenye maneno ya Kiswahili. Nilimwambia sitaweza. Akaniuliza kama nimewahi kuusikia. Nikacheka, kwa sababu nimeuimba miaka kumi na moja.

"Umeuimba ukiwa ndani ya sauti ya pili," akasema. "Ni kama mtu aliyeijua nyumba kwa kukaa jikoni. Nataka uusikie mara moja, wote, kabla hujasimama."

Pa kuusikia palikuwa mahali pamoja tu. Zamani, mwalimu akiwa kijana, kwaya kadhaa za Nakuru ziliunganishwa zikaurekodi katika studio ya ile stesheni, na yeye alikuwa kwenye besi. Vijana wetu walitafuta kwenye simu wakapata za Kijerumani na za Kiingereza, lakini hiyo ya maneno yetu hawakuipata. Iko kwenye santuri, na santuri iko kwenye hiyo stesheni. Kila Kwaresima huicheza. Kwa hivyo nilihitaji jambo moja tu kutoka kwa redio: wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla ya Pasaka.

Mara ya kwanza salamu ziliingia kabla hatujafika nusu. Mara ya pili habari ziliukata. Mara ya tatu mwalimu hakuwepo, alikuwa kwa binti yake Njoro baada ya kupelekwa kwa daktari. Nilisikiliza peke yangu chumbani kwake, kidole kikifuata karatasi zetu za solfa, zile sita alizoziandika kwa mkono wake. Tulipomaliza ukurasa wa nne, waimbaji wakaenda mahali nisipopajua. Soprano walibaki peke yao, polepole, na sauti ya pili ikaingia chini yao kwa maneno ambayo sijawahi kuyaimba. Baadaye wimbo ukarudi kwenye ukurasa wetu wa tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho wake sikuusikia, maana dawa ya kupe ilifika kwanza. Nikaandika kushoto: "Wamechanganya nyimbo mbili."

Nikatunga barua ya malalamiko manne. Moja, mtangazaji anaongea juu ya mwisho wa nyimbo. Mbili, salamu zinasomwa katikati. Tatu, habari zinakata muziki. Nne, wimbo wetu wa Pasaka umetiwa kipande kisicho chake. Nilimsomea mwalimu. Kwa yale matatu aliitikia kwa kichwa. Kwa la nne akajikuna goti.

"Hilo litoe," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema nilitoe tu, matatu yanatosha. Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, na niliona si haki kutoa jambo la kweli ati kwa sababu mtu mzima amejikuna goti. Sikulitoa. Niliituma yote kwa ujumbe wa simu, vipande sita.

Jumapili iliyofuata tulikaa tukingoja jibu. Likaja. Msichana akasema kwa furaha kwamba kuna msikilizaji wa Karagita anayefuatilia kipindi kila wiki kwa daftari na kalamu, asante sana mathe, mama yetu, tunakupenda pia. Alilisema hilo wakati fidla zilikuwa hazijamaliza. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliandika kushoto, "Malalamiko yamegeuzwa salamu," na siku yangu ya mapumziko nikaenda Nakuru na daftari mkononi.

Nilidhani nitazuiwa mlangoni. Hawakunizuia. Msichana alitoka mwenyewe, vipokea sauti vya masikioni vikimning'inia shingoni, mdogo kuliko sauti yake.

"Mathe wa daftari," akasema. "Kwani umekuja kunisomea live?"

Nikamwambia ndiyo, na nikaanza, kwa sababu ningengoja ningekosa nguvu. La kwanza nilipolimaliza alinishika mkono akaniingiza studioni. Akanionyesha mashine yenye taa ndogo ya kijani. Akaniambia mashine hiyo kazi yake ni kusikiliza hewa, na ikikuta kimya kwa muda hudhani stesheni imekufa, inaweka tangazo yenyewe. Haijui kimya cha wimbo na kimya cha stima kupotea na taa kuzimika. Ile siku ya sauti laini ya wanawake hakuwa amegusa chochote.

"Mimi huongea ndio yenyewe isiongee," akasema. "Chagua. Mimi ama dawa ya kupe."

Nikamuuliza yule mzee alifanyaje. Akasema wakati wa mzee mashine haikuwepo, na mzee alikuwa na mtu wa kumbonyezea vitufe na mwingine wa kupokea simu. Yeye ni hao wote watatu. Na hakuna anayepiga simu kusifu muziki ule. Wanaopiga wanataka kusalimiwa, na mkubwa wake huhesabu simu hizo ili kipindi kisifutwe.

Nilifungua daftari pale pale nikayaandika hayo upande wa kulia. Karibu nifunge niende zangu. Ndivyo nilivyo, nikisikia upande wa pili naona upande wangu ni kelele. Lakini nilijiuliza vizuri, nikaona mashine inaeleza lalamiko la kwanza tu. Nikamwambia hivyo. Salamu za katikati mashine haikuzidai, muziki ulikuwa unalia. Na habari zina saa yake inayojulikana, kwa hivyo mtu anaweza kuchagua wimbo utakaotosha kabla hazijafika.

"Hapo umenishika, mathe," akasema.

Basi nikamsomea la nne kwa sauti ya mtu anayeshinda. Hakubisha. Alienda kwenye kabati akarudi na santuri katika bahasha yake kubwa, na ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi za solfa walizoimbia siku ya kurekodi, zimekuwa rangi ya chai. Nikazihesabu. Zilikuwa saba.

Na mwandiko niliujua. Ile "d" yenye mkia uliojikunja ninaisoma kila Alhamisi jioni kwenye mazoezi. Mwalimu ndiye aliyewaandikia wote. Ukurasa wa tano ulikuwa pale, soprano peke yao, sauti ya pili ikiingia chini yao, kama nilivyosikia na kuandika kuwa kosa. Wetu wa tano ulikuwa wa sita wao. Miaka kumi na moja tumekuwa tukiruka, na mimi nimesafiri kutoka Naivasha kuja kuilaumu redio kwa sababu haikuruka.

Nikamwomba kalamu, yangu ilikuwa imekauka. Nilikata lalamiko la nne kwa mstari mmoja mbele yake, nikaandika kando, "Kosa ni langu," nikamwomba radhi. Alisema si neno. Nikasema ni neno, kwa sababu nililituma, na kama angelisoma hewani badala ya kulifanya salamu ningekuwa nimemchafulia jina bure. Kisha nikamwambia yale mawili bado yanasimama.

"Yanasimama," akasema. Akaiangalia mashine. "Jumapili nitaucheza mapema, kabla ya habari. Wote. Salamu baadaye. Na hii nitaizima kwa mkono mpaka uishe."

Alinipa kiti, nikanakili ukurasa wa tano ndani ya daftari, noti kwa noti, sauti zote nne.

Mwalimu nilimkuta mlangoni, uso ameuelekeza kwenye jua. Sikujua nianzie wapi, nikaanza kumsomea solfa ya soprano. Baada ya mstari wa kwanza aliinua mkono ninyamaze.

Alinieleza bila kuficha. Alipohama Mau Narok kuja kutafuta kazi huku, mfuko wa karatasi zake ulinyeshewa, na ukurasa ule ukageuka uji. Besi yake aliikumbuka. Zile nyingine tatu hazikurudi. Sisi tulikuwa kwaya mpya, tuliamini anajua kila kitu, na hakuweza kusimama mbele yetu aseme kuna mahali amesahau. Akaunganisha wa nne na wa sita, akatuandikia nakala, akakaa kimya.

"Kila Pasaka tukifika pale mkono wangu hutaka kwenda, naurudisha," akasema. "Nilitaka uusikie redioni. Halafu uliponisomea barua nikaogopa kwamba umeusikia."

Nilimwambia angeniambia nisingeenda kuaibika Nakuru. Akasema ni kweli. Mimi sikumdai zaidi, kwa sababu mimi pia niliambiwa nilitoe lalamiko nikakataa.

Jumapili tulikaa wawili, redio juu ya meza, daftari limefunguliwa. Msichana alitaja wimbo. Akataja kwaya za Nakuru za zamani. Akanyamaza. Wimbo ulianza, na kwa mara ya kwanza niliusikia nikiwa nje yake. Kumbe sauti ya pili, niliyodhani inabeba kila kitu, kwa sehemu kubwa inangoja wengine. Tulipofika ukurasa wa tano mwalimu aliimba besi yake chini kwa chini, bila kukosa hata noti moja, kidevu kimeinuka. Kisha wa sita, wa saba, na mwisho ambao hushuka mpaka unabaki kama pumzi.

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna kupe. Tano, sita. Nikasikia kiti kikilia kule studioni, nikajua amesimama na kidole chake kwenye swichi ya ile mashine. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, jina la wimbo tena.

Niliandika kulia. Sikujua niandike nini nikaandika, "Wote."

"Simama," mwalimu akasema. "Kutoka wa nne, uvuke."

Nikasimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na jiko, nikainua mikono. Yeye akaimba besi, mimi nikaimba ya pili huku nikiongoza, nikavuka. Tulipofika katikati ya ukurasa wa tano akanisimamisha. Akasema nimewakimbiza soprano. Mle ndani hamkuwa na soprano hata mmoja, na yeye haoni. Lakini nilijiuliza kwa haki, nikaona ni kweli, niliwakimbiza.

Nikarudia kutoka wa nne.