Mashine Aliyoniachia Rodzi

Rodzi aliponiacha alichukua pikipiki, pampu ya maji na mashine mpya ya kukatia nyasi. Mimi nilibaki na nyumba inayovuja na mashine kuukuu, ile ya kubeba mgongoni. Kadhi alimwamuru anikabidhi ikiwa nzima, kwa hiyo alikuja akakaa nayo chini ya sakafu ya nyumba yangu, ambayo imeinuliwa juu ya nguzo, mchana kutwa, akifungua na kufunga, kisha akaipandisha hadi kwenye ngazi.

"Haya, nimekusafishia kabureta na kila kitu," alisema. "Usije ukasema nimekuonea."

Akaenda zake kuoa. Kadi za harusi zilisambazwa kijiji kizima. Mimi sikuletewa, ingawa nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukishavuka daraja.

Mashine hiyo ndiyo inayonilisha. Msikiti umenipa kazi ya kukata nyasi makaburini, na makaburi si shamba la mpunga. Unakata kidogo, unaachia kishikio cha mafuta, unavuka jiwe, unainama kung'oa kwa mkono pale uzi wa nailoni unaokata usipofika, unakata tena. Muda wote huo injini inatakiwa ingurume polepole mgongoni, na uzi kule chini utulie kabisa. Yangu ilikataa. Nikiachia mafuta, inazima, na mimi ni kuvuta kamba upya kila kaburi mpaka bega linawaka moto. Nikipandisha skrubu ya kabureta ili isizime, inapiga kelele kama imechomwa, na uzi unazunguka wenyewe. Hivyo ndivyo ulivyofyeka ua jekundu kichwani mwa kaburi la dada yake Haji Mansor, na Haji Mansor ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi.

Alikuja mwenyewe hadi kwenye ngazi yangu. Hakupanda.

"Senah, Alhamisi kijiji kizima tunasafisha makaburi, Ramadhani inakaribia," alisema. "Rodzi amejitolea kuja na mashine yake."

"Amejitolea?"

"Ndivyo alivyosema. Sasa mimi sitaki maneno. Kama yako itakuwa bado haijatulia, kazi nampa yeye, si ya siku hiyo tu. Ya kudumu."

"Haji, hiyo mashine mbovu kanipa yeye."

"Mambo yenu ya talaka usiniletee mimi. Mimi naangalia makaburi."

Nikaishusha mashine uani.

Kosa langu ni kukaa karibu na kibanda cha kahawa. Kwetu huku mwanamume hawezi kusikia injini inakohoa akabaki na kikombe chake. Lazima aje, achuchumae, aombe bisibisi. Wa kwanza alikuwa Pak Tam, mzee aliyeendesha lori la mpunga maisha yake yote.

"Plagi hiyo, dada."

"Plagi mpya, mzee. Nimeiweka juzi."

"Basi skrubu." Akaizungusha. Injini ikalia, ikafa. "Unaona? Inasikia."

"Inasikia nini, mzee? Imekufa!"

Akaja Bahrin, muuza samaki, mikono inanuka. "Pak Tam, wewe unajua malori. Hii ni chujio la petroli." Akalitoa, akalipuliza, akalirudisha, na kabla hajaondoka akaizungusha skrubu na yeye. Nilikuwa nimeipaka skrubu ile rangi ya kucha ili nijue ilipokuwa. Rangi yenyewe sikuiona tena.

"Oili umeweka nyingi," Bahrin akasema akiondoka. "Wanawake mnapenda kujaza oili, kama mnakaanga."

"Nenda kauze samaki, wanaoza."

Kila aliyemaliza kahawa alipita na neno lake. Tanki. Kamba. Hali ya hewa. Mmoja alisema mashine inamkumbuka mwenyewe, na kibanda kizima kikacheka. Ningekuwa mwanamume wangenicheka pia, najua, lakini wasingenicheka hivyo.

Jumatano alasiri nilikuwa nasugua masufuria karibu na mtungi, mashine inaunguruma pembeni kwa sababu Pak Tam alikuwa amerudi na bisibisi yake. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikaanza kupiga ule ukelele.

"Subiri dada, kidogo tu, nipo karibu kuipata..."

"Toka!" nikasema. Nikainua beseni la maji ya sabuni nikaimwagia mashine yote, na viatu vya Pak Tam.

"Imeoga!" Bahrin akapiga kelele kutoka kibandani. "Mpe na taulo!"

Hawakusikia nilichosikia mimi. Kwa muda wa pumzi moja injini ilitulia. Ilinguruma polepole, sawasawa, kama siku ilipotoka dukani. Kisha maji yakakauka pale, ikapagawa tena.

"Nyamazeni," nikasema.

Nikachovya vidole kwenye povu nikadondosha juu ya plagi. Hakuna. Juu ya tanki. Hakuna. Nikadondosha pale kabureta inapoungana na injini. Ikatulia. Povu likafyonzwa ndani, nikaliona kwa macho yangu likipotea, na ukelele ukarudi.

"Inavuta hewa pembeni," Pak Tam akasema taratibu. "Skrubu haina kosa."

"Asante, mzee. Ulikuwa unaizungusha tangu Jumatatu."

Nikazima, nikafungua boliti, nikaitoa kabureta. Gasketi, ile karatasi ya kuziba hewa isipenye, ilikuwa imegandia pale katikati. Sasa hapa kwetu hakuna anayenunua gasketi mjini. Kila nyumba ina kikapu cha kadi za harusi za watu, na kadi ni ngumu, nzuri, unaikata kwa kipimo, unaipaka oili, inakaa miaka. Nimekata za kwangu nyingi tu. Lakini kadi inatakiwa iwe laini pande zote. Hii ilikuwa na maandishi ya dhahabu yaliyotuna, yale unayoyapapasa kwa kidole. Kila herufi ilikuwa imeacha upenyo pembeni yake, na hewa ilikuwa inapita humo.

Sikusoma shule mimi. Nikampa Pak Tam.

"Imeandikwa nini?"

Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. "Ah, dada. Maandishi tu."

"Soma, mzee."

"Hapa imekatika. 'ziatun'. Na huku..." Akapapasa kwa kidole. "Huku 'Rodz'."

Fauziatun ndiye mke wake mpya. Kule kibandani Bahrin akajifanya anatafuta chenji. Akili zote za kijijini, na mtu alikuwa amekaa chini ya sakafu yangu akikata kadi ya harusi yake anitengenezee injini! Kama alikusudia au aliona uvivu kutafuta nyingine, sijui mpaka leo. Sioni tofauti.

Nilitoa tende kwenye boksi lake nikazimwaga kwenye bakuli. Nikalaza kipande cha boksi juu ya chuma cha kabureta, nikagonga taratibu kuzunguka ukingo mpaka karatasi ikakatika yenyewe, matundu na yote. Nikaipaka oili, nikafunga, nikakaza. Ile ya zamani nikaitia mfukoni. Kisha nikashusha skrubu mwenyewe mpaka uzi uliposimama, na Pak Tam akakaa na bisibisi yake mapajani.

Alhamisi Rodzi alinikuta makaburini. Alikuwa na mashine yake mpya na kofia mpya pia.

"Bado unavuta kamba, Senah? Kaa kivulini, mama, waachie wenye mashine."

Nikaachia mafuta. Injini ikanguruma polepole mgongoni, uzi ukatulia juu ya nyasi bila kutikisa jani. Haji Mansor alikuja akainama akautazama uzi, akautazama tena. Haukusogea.

Rodzi akakunja uso. "Nani kakutengenezea?"

Nikaingiza mkono mfukoni nikampa kile kipande, cheusi kwa oili, dhahabu bado inang'aa upande mmoja.

"Kadi yako imenifikia," nikasema. "Nisamehe sikuja harusini. Ilikwama njiani."

Pak Tam alikohoa ndani ya mkono wa shati lake. Rodzi aliitazama ile gasketi kama mtu aliyeshika kinyesi cha paka.

"Senah, endelea na upande wako," Haji Mansor akasema. "Kazi ni yako. Rodzi, wewe kakate kule mtaroni." Hakusema pole. Sikuwa nimeitarajia.

Nilianza na kaburi la mama yake Rodzi. Mwanawe hajawahi kulikata hata siku moja, na lilikuwa limefunikwa hadi jiwe. Mama yule hakunikosea kitu. Nikaachia mafuta, injini ikabaki inanguruma, nikapiga magoti nikang'oa kwa mkono zile nyasi za karibu na jiwe, ambazo uzi haufiki.