Kura ya Kwenda Yangambi

Katibu wa wafuasi wa timu yetu sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mutu wa kucheka na kila mutu, wa kukuuliza habari za nyumbani bila sababu yoyote! Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nawaambia wenzangu. Wao walinitania tu: "Polisi amefika, mufiche vitu!"

Mechi za nyumbani hazina matata. Matata ni mechi za nje. Timu ikienda kucheza Yangambi, wenyeji wanatutengea tiketi chache, na ile mashua ndefu ya mota haibebi watu wote. Bon, tunapiga kura. Katibu anaandika majina, kila jina na karatasi yake, zinatiwa ndani ya sufuria ya mama anayetuuzia mboga ya pondu, naye anachota. Tulimpa mama huyo kazi ya kuchota kwa sababu hajui kusoma na hana timu. Tena kuna sheria: jina likionekana mara mbili, karatasi zote mbili zinachanwa, mwenye jina hasafiri. Sheria hiyo niliileta mimi, kwa makelele, baada ya bwana mmoja wa komite kusafiri mara tatu mfululizo.

Safari hii sikujiandikisha. Nilimwandikisha papa, baba yangu mzazi. Macho yake yalikuwa yanafunikwa na ukungu, anaona rangi tu, na aliniambia: "Mama, nataka kuona mechi moja ya inje mbele macho ifunge." Wenzangu waliahidi kumshika mkono njia yote.

Siku ya kura nilisimama karibu kabisa na katibu, nikivichunga vidole vyake. Karatasi ya mwisho aliikunja amegeuza mgongo, akaitupa haraka ndani ya sufuria. Eh! Hasira zikanipanda.

"Mwaga!" nikapiga kelele. "Mwaga zote kwenye mkeka, tusome moja moja!"

Katibu akaniangalia. "Mama, acha ipite," akasema polepole. "Nakuomba."

Anaomba! Mutu asiye na kitu cha kuficha anaomba nini? Nilishika sufuria mwenyewe, nikaimwaga.

Prezida wa komite akasoma kwa sauti. Jina la papa lilitoka mapema. Mimi nilikuwa nasubiri la katibu litoke mara mbili. Halikutoka hata mara moja. Karibu na mwisho, likatoka jina la papa tena.

Watu wote wakanigeukia. "Kumbe mwizi ni polisi!" mmoja akacheka.

"Hapana, ni miye," katibu akasema. "Niliandika jina ya muzee pahali pa jina yangu, apate bahati mbili."

"Nani alikutuma?" nikafoka.

Prezida alikuna kichwa. Aliniangalia kwa huruma, nikaiona ile huruma, nikaichukia. "Sheria ni msumeno, mama," akasema. "Na hii ni ya kwako." Akachana karatasi zote mbili.

Mnadhani nilishukuru? Katika mtumbwi wa kurudi nyumbani, mpaka tukafika ng'ambo, Lubunga, niliwaza yule katibu anatafuta nini kwetu. Wema wa namna ile hauji bure. Labda anautaka uprezida. Labda anataka kusifiwa. Nilichambua weee, sikupata kitu.

Papa alikuwa ameketi mlangoni, amekwisha kuvaa shati la rangi za timu. "Tumepata?" akauliza.

"Hapana, papa. Katibu aliandika jina lako mara mbili, wakalitoa."

Kila neno lilikuwa kweli. Papa akasema: "Ule mutu iko mubaya." Nilikuwa na nafasi ya kumaliza habari. Niliingia jikoni.

Mashua ilikwenda, mechi ikachezwa, na baadaye macho ya papa yakafunga yote mawili. Siku hizi tukikutana na katibu kwenye njia ya soko, hachoki kusalimia: "Mbote, papa." Papa anaijua sauti ile. Anatema mate chini. Mimi namshika papa mkono kwa nguvu, tunapita.