Gitaa Lililopakwa Hina

Leo fundi jirani yangu amefungua mkebe wa vanishi, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Isiolo. Baba, dereva wa lori, alikuwa ametuletea gitaa la umeme kutoka Nairobi, likiwa vipande vipande ndani ya katoni. Kaka alilipiga msasa hadi vumbi la mbao likatukaa kwenye kope. Baba alitaka kulipaka rangi nyekundu. Mama akasema, "Ngoja kwanza," akachora maua ya hina juu ya mbao tupu, polepole, kama anayechora mkono wa mtu aliyelala.

"Kwani gitaa linaolewa?" nyanya akauliza.

"Acha lipendeze, mama," Mama akamjibu.

Baba akaiweka kando rangi nyekundu, akafungua vanishi. Aliipitisha juu ya maua huku amebana pumzi, nasi tukiogopa maua yatafutika. Hayakufutika. Yaliiva, yakawa na rangi ya udongo uliolowa mvua.

Lilipokauka, kaka aliunga vipande, akafunga nyuzi, akaliunganisha kwa waya na redio yetu ya betri. Hakuna aliyejua kupiga. Kaka akagusa uzi mmoja tu. Mama akaweka kiganja juu ya maua yake, akafumba macho, akakiacha hapo mpaka mlio ukaisha.

"Gusa tena," akasema.