Pombe ya Krismasi Niliyoionja Mimi

Krismasi iliyopita nilijiaibisha, na ni heri niseme mwenyewe kabla rafiki yangu Masanja hajawafikia. Sisi wazee wa Nkoma tukitoka ibadani hukusanyika kwa Mama Kija, kucheza bao na kunywa pombe yake ya mtama. Kata ya kwanza ni yangu. Mimi ndiye mwonjaji, nikikubali ndipo wenzangu wanakunywa. Shule niliishia la pili, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi, lakini pombe naijua.

Basi siku hiyo nikakuta chungu uani, nikachota bila kuuliza.

"Kali hii! Wenye moyo mdogo wakae mbali."

Tukanywa. Kata ya tatu nikaanza kuimba. Ya tano miguu ikalegea, nikamwegemea Masanja anipeleke chooni.

"Umeshalewa? Mbona mimi bado?"

"Wewe huna ulimi," nikamjibu.

Mara Mama Kija akatoka jikoni na chungu kingine.

"Poleni kwa kungoja, baba zangu, pombe ndiyo hii. Hee! Togwa ya wajukuu, isiyolevya hata mtoto, mmeimaliza?"

Masanja akaondoa bega lake taratibu.

"Haya, mwonjaji, choo kile pale. Nenda mwenyewe tukuone."

Nikaenda, nimenyooka kama askari wa gwaride, ua mzima ukicheka.