Jina langu kwenye mashine inayowaibia ndugu zangu

Admin, nifiche, hapa Kolwezi wengi wananijua. Mimi ni mama wa miaka 33, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Niliandika programu ya kupima kiwango cha kobalti ndani ya mawe. Niliifanya kwa ajili ya wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi, ambako mdogo wangu anachimba. Nikaitoa bure kwa leseni huria: yeyote aitumie, aibadilishe anavyotaka, ila aache jina langu na awaonyeshe watu alichobadilisha. Nilitaka mchimbaji asidanganywe tena.

Depo moja ya wageni wanaonunua mawe ikaichukua, ikaibadilisha, ikaifungia ndani ya mashine za kupimia zinazotoka nchini kwao. Sharti la kuonyesha wakalitupa. Jina langu wakaliacha! Mashine ikiwashwa tu, linatokea mbele ya wachimbaji wote, halafu inasoma kiwango cha chini. Gunia lile lile, simu yangu yenye programu ya asili inasema mawe ni mazuri, mashine yao inasema hayana kitu.

Mdogo wangu alikuja kunifokea, mimi dada yake, mbele ya wanangu: "Yaya, jina yako njo inatokea pale. Njo weye unatuiba!" Yaani mimi ndiye mwizi wao! Tangu siku hiyo hakanyagi kwangu.

Nikaenda ofisi ya serikali hapa mjini, mtaa wa Manika, waikague ile mashine. Bwana mmoja akanijibu bila hata kuniangalia, akisingizia mkataba na nchi ya wageni hao: "Mama, tulishasaini accord ya biashara na inchi yabo. Inatukataza kulomba kuona ndani ya programu yabo."

Nikamsihi kama baba: "Tata, ile programu ni yangu!"

"Accord ni accord, mama."

Jamani! Waliosaini hawajawahi kubeba hata gunia moja. Mwanasheria akaniambia mkataba huo unaifunga serikali, haunifungi mimi, ila kampuni yenye depo iko nchini kwao, kwa hiyo nikitaka kushitaki ni huko huko. Mimi, wa hapa Kolwezi, nitafikaje?

Sasa depo imeniletea karatasi nisaini. Nikiwaruhusu kuficha daima walichobadilisha, watafuta jina langu mara moja. Mume wangu anasema nisaini tu, ndugu yangu arudi nyumbani.

Nikisaini, jina langu litafutwa na wizi utabaki. Nisiposaini, haki ya kuwadai waonyeshe inabaki kwangu, ila wataendelea kuiba kwa jina langu. Ninyi mnaosoma, msinionee huruma, niambieni ukweli: mngekuwa mimi, mngesaini?