Kasha la Kioo Nililomchagulia Shemeji

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi ni hodari wa maelezo. Nilimwacha mtu aamini kwamba mikono yake imeanza kuzeeka, ilhali nilijua kosa liko kwenye kasha la kompyuta nililomchagulia mimi mwenyewe. Nilijua! Sikugundua baadaye. Nilijua siku ileile, nikiwa nimeketi kando yake.

Nina miaka hamsini na mmoja. Naishi mtaa wa Jamhuri, na kazi yangu ni kutunza stoo ya vifaa vya maabara katika chuo kimoja. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa, kusoma vitabu vilivyochakaa, na kuandika kila nilichokiona katika daftari. Ndugu za mke wangu huniita Injinia. Sijawahi kuwakataza. Naomba mkumbuke hilo, maana mtego ulianzia hapo.

Mdogo wa mke wangu nitamwita Nafula, ingawa si jina lake. Ana miaka thelathini na minne, ni mpokezi katika kliniki ya meno Westlands, na amepanga nyumba ya mabati kule Mutuini. Nafula hushindana kuendesha magari kwenye kompyuta. Usukani umefungwa mezani, pedali ziko sakafuni, na wapinzani wako nyumbani kwao, wanaonana kwa intaneti tu. Mwanzoni nilidhani ni kupoteza wakati. Halafu siku moja nikamwona akizunguka uwanja uleule mara arobaini, na mizunguko yake haikupishana hata kwa nusu sekunde. Mtu wa namna hiyo mimi namheshimu.

Timu moja ya Westlands ilitangaza nafasi ya dereva. Nafasi moja tu, na ni kazi ya mshahara. Mchujo ungefanyika kwa wiki kadhaa, kila mmoja akiendesha kutoka kwake. Nafula alikuwa akitumia kompyuta kuukuu ya kuazima, basi akanijia.

"Shem, nataka uniundie mashine. Vya ndani chagua wewe. Ila kasha nimeshaliona."

Tulikwenda mjini Jumamosi asubuhi, duka la ghorofa ya pili lenye makasha yaliyopangwa hadi darini. Alilolitaka lilikuwa jeusi, la kawaida, uso wake wote ni wavu wa chuma wenye matundu madogo. Mimi nilipoutazama ule wavu nikaona kitu kimoja tu: vumbi la Mutuini. Barabara ya kwake ni ya udongo, na gari moja likipita, nguo zilizoanikwa hubadilika rangi.

Kando yake palikuwa na kasha jingine, kioo mbele na kioo ubavuni, feni tatu zinawaka taa ndani. Ukweli ni kwamba lilinivutia kama linavyomvutia mtoto. Lakini nilimpa sababu ya mtu mzima.

"Chukua hili. Mbele pamezibwa, vumbi halipiti."

"Na hewa je, shem? Itaingilia wapi?"

"Pembeni. Si unaona kuna nafasi?"

Akainama, akaingiza kidole. "Hapa hata kidole changu hakiingii."

"Hewa si kidole, Nafula."

Muuzaji akaangua kicheko. "Madam, mzee amekumaliza!"

"Haya, Injinia amesema," akasema huku ameinua mikono. "Sasa mimi ni nani wa kubishana na Injinia?"

Ile nafasi ya pembeni sikuipima. Mimi ninayepima kila kitu!

Niliiunda mashine nyumbani kwangu kwa siku mbili. Nyaya nilizipanga vizuri mno, na kwa sababu nilizionea fahari, niliacha ubavu wazi ili kila aingiaye sebuleni azione. Ndivyo nilivyofanya jaribio la joto. Niliiendesha kwa nguvu zake zote saa nzima, nikasoma joto la kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini, kila dakika tano. Halikuvuka nyuzi sitini na nane. Nikanakili namba kwenye karatasi safi, nikatia sahihi, nikampa. Akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Kila namba ilikuwa sahihi. Ila nilikuwa nimepima kasha likiwa wazi, nikalifunga baadaye, kama mtu anayefunika sufuria akishapika. Hadi hapo ni uzembe tu. Dhambi ilikuwa bado.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu. "Shem, hii kitu inalia kama posho mill ya kusaga unga. Jirani ameniuliza kama nimefungua biashara."

Nilifika mchana, jua likipiga mabati. Feni zilikuwa zinapiga kelele na kioo hakishikiki. Joto lilikuwa nyuzi themanini na tisa na bado linapanda. Nafula alikuwa nje anaanua nguo. Nikafungua skrubu mbili za ubavuni, zile za kufunguliwa kwa vidole, nikaondoa kifuniko. Joto likashuka chini ya sabini kwa dakika chache. Nikafunga, likapanda. Nikafungua tena, likashuka. Nilifanya hivyo mara tatu, kama afanyavyo mtu wa maabara, na baada ya mara ya tatu sikuwa na shaka yoyote. Kasha nililomchagulia lilikuwa linaibana mashine pumzi.

Akaingia na beseni la nguo, nyuma yake yule jirani. "Njoo umwone," akamwambia. "Huyu ndiye Injinia wangu niliyekuambia. Hiyo karatasi pale ukutani ni yake."

Vidole vyangu viwili vilikuwa bado kwenye skrubu.

"Ni vumbi kidogo tu," nikasema. "Nimelisafisha."

Walipokwenda kuandaa chai, niliingia kwenye mipangilio nikapunguza nguvu ya kadi ya michoro karibu nusu, nikaiamuru mashine ikumbuke hivyo kila inapowashwa. Kelele ikaisha. Nafula akapiga makofi!

"Ona sasa! Shem, wewe ni noma!"

Ningeweza kumwambia turudishe lile kasha. Ningeweza kumwambia apunguze uzuri wa picha, au aache ubavu wazi na kutundika kipande cha neti kuzuia vumbi. Njia zilikuwepo. Lakini zote zilianza na sentensi moja, na sentensi hiyo sikuiweza mbele ya ile karatasi.

Kuanzia siku hiyo Nafula akaanza kuchelewa. Picha zilikuwa hazimfikii upesi kama zamani, kwa hiyo naye hakuweza kuwa mwepesi kama zamani. Lakini hilo yeye angelijuaje? Kelele ilikuwa imekwisha, na Injinia alikuwa amesafisha.

"Nimeongeza karibu sekunde nzima kila mzunguko," akaniambia kwenye simu. "Sijui ni nini." Alibadilisha kiti. Aliacha kahawa. Alifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia kwa sababu alisikia kama kinauma. Mimi nikamwambia aongeze mazoezi. Mazoezi! Nilimwongezea saa za kujilaumu.

Alipita mchujo wa kwanza na wa pili kwa tabu. Wakabaki sita. Shindano la mwisho lilikuwa Jumamosi saa nane mchana, na wenye timu wangekuwa ofisini kwao wakiwatazama.

Tulikusanyika kwake. Alikuwepo mke wangu, na wenzake wawili wa kliniki. Mimi nilipewa kiti kando ya kasha, eti likitokea lolote niwe karibu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi. Chumba kilikuwa tanuri.

"Nafula, ukishinda usisahau meno yetu," mmoja akasema.

"Nikishinda nitakung'oa hayo yako bure."

Tulicheka wote. Kisha taa za kuanzia zikazimika kwenye skrini, naye akakanyaga pedali. Alianza wa nne, akawa wa tatu, akawa wa pili. Niliweka mgongo wa mkono kwenye kioo, nikauondoa haraka. Kupunguza nguvu kulitosha siku za kawaida. Siku ile, chini ya mabati yale, hakukutosha.

Mzunguko wa tisa picha ikaganda kidogo, kama kupepesa jicho. Halafu tena. Skrubu mbili tu! Hazihitaji bisibisi. Nilikuwa nimeshaona mara tatu kwa macho yangu kinachotokea zikifunguliwa. Mkono wangu ukaenda, ukaishika ya kwanza.

"Baba Joy, usiguseguse!" mke wangu akaninong'oneza. "Mwache aendeshe!"

Naye hakuwa na kosa, hakujua kitu. Alinipa tu kisingizio nilichokuwa nakitafuta. Nikaurudisha mkono mapajani.

Mzunguko wa kumi na moja picha ikaganda katikati ya kona. Iliporudi, gari lilikuwa ukutani. Alimaliza wa tano.

Mwenzake mmoja wa kliniki akajaribu kumfariji. "Ni intaneti ya huku, dadangu. Inajulikana."

"Si intaneti," Nafula akasema. Alikuwa ameiweka mikono juu ya usukani, anaitazama. "Kona niliiona. Mikono ndiyo iliyochelewa." Akanigeukia. "Shem, wewe ni mtu wa kusoma. Mikono huanza kuchelewa mtu akiwa na miaka mingapi?"

Hapa ndipo naomba mnihukumu. Nisingesema kitu, ningekuwa mwoga tu. Lakini nilijibu. Nilisema kwa sauti yangu ya kitaalamu, "Thelathini na kitu hivi. Hata mimi niliona kwa mikono yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Akanishukuru!

Baada ya wiki mbili aliileta mashine Jamhuri kwa teksi, pamoja na usukani wake. "Kaa nayo, shem. Watoto wafanyie kazi ya shule. Wewe ndiye unayejua kuitunza." Kukataa kungehitaji sababu. Nikaipokea.

Wiki hiyohiyo niliondoa kioo cha mbele, nikaweka wavu mwembamba wa dirisha, nikairudishia kadi nguvu zake zote. Safari hii nilifunga ubavu kabla ya kupima. Sabini na moja. Sasa ni mashine aliyostahili tangu mwanzo, na siwezi kumrudishia! Akiiendesha dakika kumi atajua. Na nikiirudishia kioo na kuipunguza nguvu ndipo nimpelekee, nitakuwa nimeiharibu mara ya pili kwa makusudi. Kwa hiyo ipo pale sebuleni. Kila nikiiwasha inakwenda vizuri, na kila ikienda vizuri nabanwa zaidi.

Jumapili iliyopita Nafula alikuja kula nasi. Alisimama mbele ya mashine.

"Kioo kilienda wapi?"

"Kilivunjika."

Mke wangu alikuwa anapakua ugali. Yeye ndiye aliyenipa blanketi la kukifungia kioo hicho, kikiwa kizima. Akanitazama, mwiko ukiwa hewani, kisha akaendelea kupakua.

Nafula akafikia chupa ya chai. Akaiinua kwa mikono miwili, polepole, kama bibi kizee. Aliponiona natazama akacheka. "Siku hizi siuamini mkono mmoja, shem. Ulisema mwenyewe, ni umri."

Miaka thelathini na minne! Mikono haina kasoro hata moja. Nimeichelewesha mimi, kwa mdomo.

Alipoondoka mke wangu aliniuliza, nami nikamweleza yote, jikoni, nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Alikuuliza kuhusu mikono yake." Akakunja kitambaa cha meza, akatoka. Tangu hapo tunazungumza mambo ya nyumba tu.

Kioo hakijavunjika. Kiko nyuma ya kabati. Nafula anakuja tena Jumapili hii, na nimeamua kukitoa na kukiweka mezani kabla ya chakula, mahali pake pa kukaa, ili nikifungua mdomo nisiwe na pa kupitishia maelezo. Nafasi ile Westlands ilishapata mtu, hiyo siwezi kuirudisha. Mikono yake labda naweza. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nanyi mnaounda mashine, hasa nyinyi mnaoitwa mafundi na ndugu zenu, sikieni. Chagueni kasha lenye uso unaopitisha hewa, hata kama ni baya, vumbi hufutwa. Fungeni kila kifuniko kabla ya kupima. Mtu akiuliza hewa itaingilia wapi, msimjibu kwa mzaha, wekeni rula. Na siku mtakapogundua mmekosea, semeni hapohapo, kabla aliyewaamini hajaanza kutafuta ugonjwa mwilini mwake. Msingoje Jumapili.